Kinywa cha Mlezi

Kabla kitu chochote hakijafika mkononi mwa mtoto, kilipita kwanza kinywani mwa mlezi. Jiwe la mtoni, gunzi la mahindi, kipande cha mwanzi kutoka mlimani, dodoki kavu, kibuyu: alikiosha, akakikausha kwa upindo wa kitenge, kisha akakipeleka mdomoni na kutulia, macho ameyaelekeza upande wa mpaka kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Alikilamba pande zote. Alikipitisha midomoni polepole, akakiuma pembeni kujaribu kama kinamomonyoka. Halafu ama alikitupa nyuma ya ua bila neno, ama alikiweka kikapuni na kusema, "Iko sawa. Ingia."

Ndivyo ninavyomkumbuka kwa miaka yote niliyomfahamu: mwanamke mrefu wa mifupa mikubwa, ameketi kwenye kigoda kando ya mkeka mpana, nyuma ya soko la mpakani la Bwera, na kitu mdomoni. Watu wote walimwita mlezi. Jina analo, na bila shaka padri wake analijua, lakini sisi hatukulihitaji. Alitoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, kama nusu ya soko lile, na alipokuja kupanga nyumba iliyopakana na ya mama yangu alikuja amebeba kile kigoda. Zaidi ya hapo sikuuliza. Hakuwa mtu wa kumwaga maisha yake mbele ya wapita njia.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, mama alinipigia simu Kasese akaniambia kwamba mlezi ameukunja mkeka. Nilikuwa nimempakata mwanangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutambaa, na tangu alipozaliwa nilikuwa nikiisubiri siku nitakayomketisha pale. Nilimfunga mgongoni nikapanda gari la Bwera kwenda kuona kama mkeka ule unaweza kukunjuliwa tena. Lakini siwezi kusimulia niliyoyakuta kabla sijaeleza ni kitu gani hasa kilichokunjwa.

Siku za soko wanawake huvuka daraja la mpakani alfajiri wakiwa na mawese, unga wa muhogo na vitenge. Wengine huteremka kutoka Kyondo na Bwesumbu na vitunguu, viazi na kahawa. Mwenye mtoto mchanga humbeba mgongoni kutwa nzima katikati ya magunia na malori, au humlaza chini ya meza ndani ya katoni. Mlezi aliwapokea wale walioweza kuketi lakini wasioweza bado kukimbia. Mama zao walimshukuru kwa walichouza, bakuli la unga hapa, fungu la vitunguu pale, wakaenda kazini wakiwa na migongo miepesi.

Na watoto nao walikwenda kazini. Hilo lilikuwa neno lake. Hakuwaimbia, hakuwatikisia kitu mbele ya macho, hakuwapigia makofi. Aliwawekea kikapu katikati ya mkeka akaketi. Mtoto angetoa mkono, angechomoa ganda kavu la mgomba, angelisikia likipasuka kwa mlio mwembamba, angeduwaa. Angelipasua tena. Uso wake ungekuwa mzito kama wa hakimu. Ikiwa mtu mzima yeyote angepita na kuanza kusema "tutututu" au "jamani anavyocheza", mlezi angeinua kidole kimoja.

"Munyamaze. Mutoto iko kazini."

Nilimwona akimwambia hivyo askari mmoja wa mpakani, mtu mwenye mabega kama mlango, aliyekuwa ameinama juu ya mkeka akipiga vidole mbele ya kichanga kilichozama kwenye kipande cha dodoki. Mlezi aliwaita watoto wote afande. Basi alimtazama askari yule kutoka buti hadi kofia akasema kwa upole, "Afande mukubwa, unasumbua afande mudogo." Askari akasimama wima. Akaondoka kwa ncha za vidole, buti zile nzito zikijitahidi kutokanyaga hata mawe, na tangu siku hiyo kila alipopita alimpigia saluti yule mtoto, si mlezi.

Kikapu kilibadilika na majira. Kiangazi kilikuwa na pamba ya bondeni ikiwa bado kwenye matumba yake yaliyokauka, laini ndani, ngumu nje, na mtoto aligundua mambo hayo mawili kwa kidole kimoja. Masika yalikuwa na majani ya magimbi, mapana, ambayo maji hayawezi kuyalowesha. Aliyamwagia matone, na watoto waliyatazama yakikimbia juu ya jani kama vitu vyenye uhai, wakajaribu kuyabana, wakabaki na vidole vitupu. Kulikuwa na kipande cha ngozi ya mbuzi chenye manyoya. Kulikuwa na karai la udongo mwekundu uliokandwa na maji. Kulikuwa na mashada ya vanila iliyokaushwa, aliyoyafunga ndani ya kitambaa, na watoto waliyakumbatia wakarudi kwa mama zao wakinukia kama jikoni kwa matajiri. Kulikuwa daima na kibuyu kimoja cha zamani chenye kiuno chembamba, kilichong'arishwa na mikono ya wachanga wengi hadi kikawa na rangi ya asali. Wadogo zangu wote wawili waliota meno juu ya kibuyu kile.

Sheria zake zilikuwa chache. Kitu kisichozidi yai la bata hakikai mkekani. Kitu chenye mbegu zinazoweza kuchomoka hakikai. Kuna bibi kutoka Kyondo aliyewaletea watoto mkufu wa mbegu za mbarika, zenye madoadoa mazuri kama mayai ya ndege. Mlezi alimshukuru, akauvaa yeye mwenyewe, akauvaa kila siku mpaka bibi yule aliporudi na kuuona shingoni mwake. Kisha akautia motoni. "Ni sumu," alituambia. "Lakini mama yule alitoboa mbegu moja moja. Ningemuambia nini?"

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo anaishi na vibuyu na nyasi hata nyumbani kwake. Ingia sebuleni mwake sasa. Maua ya plastiki juu ya meza, maua ya plastiki juu ya televisheni, mengine ya zambarau yamening'inia mlangoni, yote yanafutwa vumbi kila Jumamosi. Viti vilikuwa bado na nailoni ya dukani. Nikiwa shule ya sekondari nilimwuliza kwa nini, kwa lile tabasamu la mtu aliyedhani amemkamata mwingine katika kosa. Hakuona cha kukamatwa.

"Hizi ni za kuangalia," alisema. "Za batoto ni za kushika. Wewe unashika maua?"

Aliwaacha watoto wapake matope hadi kwenye kope, lakini yeye alikuwa akizunguka nusu ya soko kukwepa dimbwi, kwa sababu ya viatu vyake vyeupe vya ngozi. Alikataza nyimbo mkekani, na kanisani aliimba kuliko kwaya nzima, nje ya sauti, kwa furaha isiyojali mtu. Hakubeba mtoto mgongoni. "Mugongo ni ya mama," alisema. Akina mama wengine walimwona ni mkavu. Mama yangu, aliyempenda, alibishana naye juu ya jambo hili miaka yote, akimwambia kwamba mtoto anataka pia joto la mtu. Mlezi alijibu kwamba joto la watu hawatalikosa, ulimwengu umejaa watu, kinachokosekana ni nafasi ya mtoto kujua kitu kwa mikono yake kabla hajaambiwa.

Na zaidi ya yote hakuruhusu uso wake uguswe. Mtoto aliyepanda magotini na kunyoosha mkono kuelekea pua yake alirudishwa chini kwa upole wa chuma. "Afande, hapana gusa uso. Kazi iko kule." Sikuwahi kujua sababu. Nilidhani ni heshima, kisha nikadhani ni woga, kisha nikaacha kudhani.

Alikosea pia, na kosa lake moja soko halitalisahau. Msimu mmoja wa kahawa, mkulima alimletea ndoo ya maganda mekundu, yaliyomenywa asubuhi ileile, yanayoteleza kama sabuni na kunukia kama asali inayoanza kuchacha. Mlezi aliyaloweka, akachuja, akaonja maji yake. Yalikuwa matamu. Akaonja tena. Mama anasema alionja karibu bakuli zima. "Iko sawa. Ingia."

Maji yale yaliwekwa kwenye karai katikati ya mkeka, na sijaona furaha kama ile. Watoto waliyapiga kwa viganja, waliyavuta kwa vidole yakanyooka kama ute, walinyonya ngumi zao, na zilipoisha ladha wakanyonya za wenzao. Kesho yake akina mama walifika pamoja, kimya, macho mekundu. Hakuna mtoto aliyekuwa amefumba jicho, upande huu wa mto wala ule.

"Mama mulezi," alisema Masika, muuza unga wa muhogo, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, akiwa na mtoto wake wa kwanza kifuani, "batoto yetu umewapikia kahawa."

Mlezi aliinua uso. Macho yake nayo yalikuwa mekundu.

"Mi nayo sikulala," alisema. "Nilifikiri ni zambi zangu."

Mtu mmoja akaangua kicheko, na soko zima likafuata. Masika ndiye hakucheka. Alimkabidhi mtoto akamwambia, "Basi leo muzungumze zambi na huyu, mi naenda kulala juu ya unga."

Kutoka siku ile sheria mpya ikaongezeka, na nadhani ndiyo bora kuliko zote. Kitu kilichopita kinywani mwa mlezi leo hakiingii mkekani leo. Alilala nacho kwanza. Kama usiku ulipita bila tumbo kuuma, bila ulimi kuwasha, bila moyo kukimbia, asubuhi kiliingia. Alijifanya mizani ya vitu vyote vilivyogusa watoto wa watu. Alikuwa na uhakika na mizani hiyo kama fundi alivyo na uhakika na mkono wake, na uhakika huo akina mama waliuegemea wakiwa kazini, bila hata kuufikiria.

Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti chenye nailoni, katikati ya maua yake. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Mkono umelala kama kitu alichosahau kukiweka mahali pake, na pembe ya mdomo imeshuka. Viatu vyeupe vilikuwa miguuni, safi. Nyuma ya mlango niliuona mkeka, umekunjwa, umefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Umekuja kunililia?" aliuliza. Maneno yalitoka polepole, lakini yalikuwa yale yale.

"Hapana, mama. Nimekuja na afande."

Alimtazama mwanangu kwa muda mrefu. "Muweke chini."

Nilimweka chini. Masika alikuwa pale pia, ameleta uji kama alivyoleta kila siku, na mtoto wake wa sasa mgongoni. Nilitambua mara moja kwamba nimeingia katikati ya ugomvi uliokuwa umepumzika tu.

"Mwambie na wewe," Masika aliniambia. "Labda atasikia mutu wa Kasese. Sisi wa hapa tumechoka. Huyu wangu analala ndani ya katoni chini ya meza, malori ya mihogo yanapita hapa." Alionyesha umbali kwa viganja viwili. Haukuzidi urefu wa mkate.

"Mwambie," alisema mlezi, "nilipotoka hospitali nilikunywa uji. Mi sikujua kama ni moto. Nilijua nilipoona ngozi ya mudomo juu ya kijiko." Alinyamaza kupumzisha ulimi. "Mudomo yangu ilikuwa mulango. Mulango imekufa. Nani atajua kitu gani kinaingia kwa batoto?"

"Tuko bamama wengi kule sokoni. Wote tuko na midomo."

"Najua. Naisikia kila siku."

Masika alitabasamu licha ya hasira yake. Mlezi hakutabasamu.

"Naogopa kuua mutoto wa mutu, Masika," alisema. "Hiyo tu."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi kutoka Kasese, nikayaacha mfukoni. Mwanangu alitambaa hadi kwenye kiti. Akaukuta mkono wa kulia wa mlezi ukining'inia. Akaushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akautazama kiganja na mgongo wake, kisha akautia mdomoni akaanza kuguguna.

Mlezi alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi wa jirani akila majani yasiyo yake. "Anaonja jiwe," alisema.

Mtoto hakuridhika. Aliuacha, akajivuta juu kwa nailoni ya kiti iliyolia chini ya kucha zake, akasimama akiyumba, akaupata ule mwingine, wa kushoto, uliolala juu ya goti. Akauma kidole kimoja. Mlezi alishtuka mwili mzima.

"Meno mbili," alisema. "Ya chini. Ya kushoto ilitangulia." Ilikuwa kweli, na sikuwa nimemwambia. Alikiacha kidole chake mle. Macho ya mtoto yalikuwa yametazama mbali, dirishani, yakisikiliza, na nilifahamu kwamba ninauona uso niliouona maisha yangu yote kando ya mkeka.

"Upande huu ingali mulango," alisema mlezi, kana kwamba anamweleza mtoto.

Masika alisogea akachuchumaa mbele yake. "Upande moja ya mudomo yako. Pande mbili yangu. Inafanya tatu. Zamani ulikuwa na mbili tu."

"Mudomo yako inakula pilipili. Haijui kitu."

"Nitaacha pilipili siku ya soko."

"Na siku ya mbele yake."

Masika alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa auze shamba: siku mbili bila pilipili, mkesha wa soko na soko lenyewe. "Na siku ya mbele yake."

Nilikuwa nimebeba zawadi, jiwe jeupe kutoka kwenye kingo za mto Nyamwamba, kubwa kama ngumi, laini kwa jinsi lilivyosuguliwa na mafuriko. Nililiosha mwenyewe. Mlezi alilipokea kwa mkono wa kushoto, akalipitisha polepole kwenye ule upande wa mdomo uliobaki, macho mpakani. Alichukua muda wake. Kisha akampa Masika.

"Sema."

"Ni jiwe."

"Sema vizuri."

Masika alifumba macho. Alililamba, akaligeuza, akalipitisha midomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya kabisa. "Ni baridi," alisema. "Iko na chumvi kidogo. Hapa ni laini. Hapa pia." Akasita. "Hapa kuna kitu. Kama uzi. Inakata."

Mlezi alilichukua tena, akatafuta kwa ncha ya ulimi mahali alipoonyeshwa, akapagundua. Jiwe lilikuwa na ufa mwembamba, na ukingo wa ufa ule ulikuwa mkali kama gamba la samaki. Alilirusha nje kupitia mlangoni. Nilisikia zawadi yangu ikigonga ukuta wa nyumba ya mama yangu.

"Sikuiona hiyo," alisema.

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati, nyepesi.

"Wewe uliiona," alimwambia Masika. Kisha akanigeukia mimi. "Lete kibuyu. Kiko chini ya televisheni."

Nilikileta. Kilikuwa na vumbi la wiki nyingi, na chini ya vumbi ile rangi ya asali. Masika alikiosha kwa maji ya uvuguvugu. Kilipita kwa mlezi, upande mmoja, na kikapita kwa Masika, pande mbili, na nilipodhani wamemaliza mlezi alimrudishia na kumwambia aanze upya, shingoni, ambako wachanga hupenda kung'ata. Masika alianza upya bila kubisha.

"Iko sawa?" aliuliza hatimaye.

"Tulale nayo kwanza," alisema mlezi. "Kama kesho tuko wazima, fungua kamba ya mkeka. Uanike kwanza, unanuka panya."

Masika alikwenda kuufungua saa ile ile, akisema kamba haina haja ya kulala. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwanangu amemaliza kazi yake na kidole. Alikuwa amepanda juu ya mapaja ya mlezi, amesimama kwa kushika kola ya gauni lake, na mkono wake umefika usoni. Niliruka kumchukua, maana sheria naijua tangu utoto. Kidole chake kilikuwa kwenye pembe ile ya mdomo iliyoshuka. Aliiinua. Akaiachia ikashuka. Akaiinua tena, uso wake mzito kama wa hakimu.

"Ngoja nimtoe, mama," nilisema.

Mlezi hakutikisika. Macho aliyaelekeza upande wa mpaka, na mkono wake wa kushoto ukapanda ukainua kidole kimoja.

"Nyamaza," alisema. "Iko kazini."